Faili Limebadilishwa, Mashine Haijaambiwa

Kati ya nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, ni Tanzania peke yake inayofuata saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko mbele ya saa ya Greenwich kwa saa tatu. Burundi, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia hufuata saa za Afrika ya Kati, ambazo ziko mbele kwa saa mbili tu. Kwa mkazi wa Dar es Salaam tofauti hiyo ni habari ya mbali, lakini kwa mkoa wa Rukwa ni jambo la kila siku, kwa kuwa lori la mahindi linaloondoka Sumbawanga, likapita Matai na kuvuka mpaka wa Kasesya kuelekea Mbala, huingia katika saa nyingine huku likiendelea kukutana na Wamambwe na Walungu walewale waliokuwa upande wa kwanza, na boti inayotoka bandari ya Kasanga kwenda Mpulungu hufanya safari ya namna hiyohiyo majini. Hata simu iliyotulia kijijini upande wa Tanzania yaweza kudaka mnara wa ng'ambo na kurudi nyuma saa nzima bila mwenyewe kusogea hatua moja.

Mtu aliyevuka mpaka humwuliza saa mwenyeji wake, akageuza mshale wa saa ya mkononi, na mambo yakaisha. Kompyuta haina wa kumwuliza. Ndani yake hesabu ya wakati ni moja kwa dunia nzima, nayo katika mifumo mingi ni idadi ya sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya Greenwich, hesabu isiyojua Sumbawanga wala Lusaka. Na ili igeuke kuwa saa nne na robo asubuhi katika risiti ya mzani wa mahindi au katika kumbukumbu ya mgonjwa aliyepokelewa wodini, mashine hufungua faili dogo lenye kanuni za mahali hapo, ikasoma tofauti inayotakiwa, kisha ikaijumlisha. Wala jua haliwezi kuisaidia kujisahihisha. Sumbawanga iko karibu na nyuzi 31.6 za mashariki, ilhali saa za Afrika Mashariki zimewekwa juu ya nyuzi 45, na kwa kuwa dunia hutumia dakika 4 kuzunguka kila nyuzi moja, jua la Ufipa, yaani eneo la Sumbawanga, hufikia kilele chake, kwa wastani wa mwaka, karibu dakika 54 baada ya saa sita mchana, wakati jua la Dar es Salaam huchelewa kwa dakika 23 hivi. Saa rasmi ni makubaliano ya watu yaliyoandikwa, na mashine huyajua makubaliano hayo kupitia faili lake tu.

Hapo ndipo linapoanza jambo linalostahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu faili ambalo binadamu huliandika na faili ambalo mashine hulisoma mara nyingi si faili moja. La kwanza ni faili la mipangilio, yaani maandishi ya kawaida yanayoweza kufunguliwa, kusomwa, kusahihishwa na kuwekewa maelezo pembeni na mtu yeyote mwenye ruhusa. La pili ni kanzidata iliyojengwa kutokana na maandishi hayo, yaani taarifa zilezile zilizopangwa upya kwa alama za mashine ili zipatikane haraka, bila kuchambua mistari mmoja mmoja kila zinapohitajika. Maandishi ni mahindi ghalani na kanzidata ni unga uliokwisha kusagwa: kuingiza mbegu bora ghalani leo hakubadilishi chochote katika unga ulioko jikoni, mpaka mtu aende mashineni tena. Programu inayoyageuza maandishi kuwa umbo la mashine huitwa kompaila, na tendo la kujenga upya kanzidata baada ya kila badiliko ndilo ambalo wasimamizi wengi wa mifumo hulisahau, kwa kuwa macho yao yameliona badiliko katika maandishi na moyo umeridhika.

Mfano ulio kamili zaidi wa jambo hili ni kanzidata ya kanda za saa, ambayo ilianzishwa na Mmarekani Arthur David Olson katika miaka ya 1980, ambayo kwa miaka mingi sasa imeratibiwa na Paul Eggert, na ambayo tangu mwaka 2011 imehifadhiwa chini ya IANA, taasisi inayotunza majina na namba za pamoja za intaneti. Chanzo chake ni mafaili machache ya maandishi yaliyogawanywa kwa mabara, na lile la Afrika linaweza kusomwa na mwanafunzi yeyote wa sekondari mwenye subira, kwa kuwa kila mstari hutaja mahali, tofauti ya saa na tarehe ambayo tofauti hiyo ilikoma. Maandishi hayo hupitishwa katika kompaila iitwayo zic, ambayo huyageuza kuwa mafaili madogo ya alama, kila moja likianza na herufi nne, TZif, kama muhuri wa aina yake. Kompyuta, simu na seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, hazisomi maandishi ya Olson hata kidogo. Husoma mafaili hayo ya alama au nakala zake za namna nyingine.

Katika maandishi hayo Dar es Salaam, jina linalobeba Tanzania nzima pamoja na Rukwa, halina tena mistari yake yenyewe katika faili kuu, bali limewekwa kama kiungo, yaani jina la pili, la Nairobi. Lusaka, Lubumbashi, Bujumbura na Kigali nazo ni viungo vya Maputo. Sababu ni kanuni ya watunzaji kwamba kanda zinatenganishwa pale tu saa zake zilipotofautiana baada ya mwaka 1970, na tangu mwaka huo Nairobi na Dar es Salaam zimekwenda pamoja. Hata hivyo historia ya nyuma haifanani. Kwa mujibu wa mafaili hayo, Dar es Salaam iliacha saa yake ya jua, iliyokuwa saa 2, dakika 37 na sekunde 8 mbele ya Greenwich, mwaka 1931, ikachukua saa tatu kamili, ikarudi kwenye saa 2 na dakika 45 mwaka 1948, kisha ikarejea saa tatu mwaka 1961, ilhali Nairobi ilipita njia nyingine na kutulia kwenye saa tatu tangu katikati ya mwaka 1942. Mistari ya Dar es Salaam haikufutwa, imehamishiwa faili la akiba, na anayejenga kanzidata ndiye huamua kama ataichanganya humo au ataiacha nje. Matokeo yake ni kwamba kompyuta mbili zilizojengwa kutoka toleo lilelile la maandishi zaweza kutofautiana kwa dakika 15 zikiulizwa saa ya tukio la mwaka 1955 huko Tanganyika, na zote mbili zikawa zimetii kilichoagizwa. Kwa mtafiti anayepanga nyaraka za kale, ambaye atahitaji kulinganisha simu ya maandishi iliyotumwa kutoka Sumbawanga na kumbukumbu ya kuipokea Nairobi, dakika hizo ni nyingi, na dawa yake haimo katika maandishi pekee bali katika kujua yalijengwaje.

Tofauti kubwa zaidi hutokea ndani ya mashine moja. Kwa miaka mingi mfumo endeshi wa Debian na jamaa zake, ambao unapatikana katika seva nyingi za taasisi, umekuwa na vitu viwili vinavyotaja saa ya mahali: faili la maandishi liitwalo timezone, lenye jina la kanda tu, na faili liitwalo localtime, ambalo ni kanzidata yenyewe au kiungo cha kuifikia. Msimamizi akilifungua lile la kwanza na kuandika Dar es Salaam mahali palipokuwa Lusaka, atajiona amemaliza, ilhali saa ya mashine haitasogea, kwa sababu programu nyingi huitazama localtime. Ubaya huongezeka kwa kuwa zimekuwapo programu, yakiwemo matoleo ya zamani ya Java, ambazo huanza kulitazama lile la maandishi. Mashine hiyo sasa ina saa mbili ndani ya kasha moja, ambapo programu moja huandika kwamba gunia lilipimwa saa nne asubuhi na nyingine kwamba lililipiwa saa tatu, yaani malipo yametangulia mzani, na mkaguzi wa hesabu atakayekuja baada ya miezi sita atatafuta wizi pasipo na mwizi.

Nakala nazo ni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Java hubeba kanzidata yake ya kanda za saa ndani ya usakinishaji wake. MySQL, ambayo ni programu ya kutunza kumbukumbu inayotumiwa na tovuti na mifumo mingi ya ofisi, huwa na majedwali yake ya kanda ambayo hujazwa kwa amri maalumu kutoka katika mafaili ya mfumo endeshi, na yakishajazwa hubaki kama yalivyo hata mafaili hayo yakisasishwa mara kumi. Windows ina orodha yake tofauti kabisa inayotolewa na Microsoft. Na simu za Android za zamani hutegemea mtengenezaji akumbuke kutoa toleo jipya. Kwa hiyo kusema kwamba seva imesasishwa ni kusema jambo lisilokamilika, kwa sababu swali linalofuata ni kanzidata ipi kati ya hizo imesasishwa, na ni nani aliyeuliza kila moja ili kuthibitisha.

Tanzania yenyewe haijabadilisha saa zake tangu uhuru, na utulivu huo umewafanya wengi waamini kwamba jambo hili ni la Ulaya na Marekani, ambako saa husogezwa mara mbili kwa mwaka. Sudan Kusini, nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, inatoa ushahidi tofauti. Tarehe 1 Februari 2021 nchi hiyo iliacha saa za Afrika Mashariki na kurudi nyuma saa moja, ikijiunga na saa za Afrika ya Kati, kama Sudan ilivyofanya tarehe 1 Novemba 2017. Watunzaji wa kanzidata walitoa toleo lililobeba badiliko hilo tarehe 24 Januari 2021, yaani siku nane tu kabla. Katika siku hizo nane maandishi yalipaswa kupakuliwa na wasambazaji wa mifumo endeshi, yakajengwa, yakafungwa katika vifurushi vya masasisho, yakafika kwenye seva, na kila programu iliyokuwa imeshapakia kanuni za zamani katika kumbukumbu yake ikazimwa na kuwashwa upya. Ofisi ya Juba yenye intaneti ya kusuasua ilikuwa na nafasi ndogo ya kuyakamilisha yote, na ofisi za Nairobi, Kampala au Mwanza zilizokuwa zikifanya mikutano ya mtandaoni na Juba zilikuwa na wajibu uleule, kwa kuwa kanuni za saa za jirani zimo ndani ya mashine ya kila mmoja.

Lebanoni ilionyesha mwaka 2023 jinsi serikali yenyewe inavyoweza kuzitenganisha saa za mashine na saa za watu. Siku chache kabla ya saa kusogezwa mbele mwishoni mwa Machi, ilitangazwa kwamba badiliko lingeahirishwa hadi Aprili. Watunzaji wakatoa toleo lililofuata tangazo hilo, wakuu wa makanisa na vyombo kadhaa vya habari wakalikataa, uamuzi ukatenguliwa baada ya siku chache, na toleo jingine likatolewa kulifuta lile lililotangulia. Kwa siku hizo nchi moja ilikuwa na saa mbili, na simu mbili zilizowekwa juu ya meza moja zilitofautiana kulingana na kanzidata iliyokuwa imezifikia. Hakuna fundi aliyekosea hapo. Muda wa kutoka maandishi hadi kanzidata ndio ulikosekana, na serikali yoyote inayofikiria kugusa saa, mipaka au majina ya maeneo inapaswa kuuhesabu muda huo kama sehemu ya utekelezaji wa uamuzi wake.

Majina ya maeneo, kwa hakika, ndiyo upande wa jambo hili ambao Rukwa imeujua zaidi. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 1974 kwa kuunganisha sehemu za mikoa ya Mbeya na Tabora; mwaka 2012 upande wa Mpanda ulitolewa na kuwa mkoa wa Katavi, na mwaka huohuo wilaya ya Kalambo ikazaliwa; mwaka 2016 jirani wa kusini mashariki naye akabadilika pale Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya. Katika orodha ya kimataifa ya maeneo ya utawala, ambayo programu nyingi huichota ili kumpa mtumiaji chaguo la mkoa wake, Rukwa ina namba TZ-20, Katavi TZ-28 na Songwe TZ-31. Orodha hiyo nayo ni maandishi, na programu huigeuza kuwa jedwali lake la ndani siku inapotengenezwa. Fomu iliyojengwa juu ya orodha ya mwaka 2010 itaendelea kumlazimisha mzaliwa wa Mpanda aandike Rukwa hata kama orodha yenyewe ilishasahihishwa zamani, na kila anayejaza fomu hiyo anaongeza kosa jipya ambalo baadaye litaitwa takwimu.

Suluhisho la kwanza ni kuheshimu upande mmoja wa safari. Maandishi huzaa kanzidata, na kanzidata haipaswi kamwe kuguswa kwa mkono, kwa sababu badiliko lililofanywa ndani yake litafutwa siku ile mtu mwingine atakapoijenga upya kutoka katika maandishi ambayo hayakubadilishwa. Mifumo ya jamii ya BSD ililielewa hili mapema katika orodha ya watumiaji na nywila zao. Katika FreeBSD orodha hiyo ni maandishi, lakini programu huisoma kupitia kanzidata mbili zilizojengwa kutokana nayo, na msimamizi hushauriwa asiifungue kwa kihariri cha kawaida, bali kwa amri iitwayo vipw, ambayo hulifunga faili ili watu wawili wasiliandike kwa wakati mmoja, hulikagua baada ya kuhaririwa, na hapohapo hujenga kanzidata upya. Uhariri na ujenzi vimefanywa tendo moja, na mtu hapewi nafasi ya kusahau nusu yake. Huu ndio ubunifu bora kuliko wote uliopo katika eneo hili, na inasikitisha kwamba mifumo mingi iliyofuata haikuuiga.

Seva za barua pepe zilichagua njia nyingine. Sendmail, programu aliyoiandika Eric Allman, ina faili la maandishi la majina ya badala, linaloeleza kwa mfano kwamba barua inayotumwa kwa mhasibu ifike kwa mtu fulani, na faili hilo hujengwa kuwa kanzidata kwa amri iitwayo newaliases. Mhasibu akihamishwa na msimamizi akabadilisha maandishi bila kutoa amri hiyo, barua za ofisi zitaendelea kumfikia aliyeondoka, pengine kwa miezi, na hilo si usumbufu tu bali ni uvujaji wa siri. Sendmail iliwahi kuwa na chaguo la kujijengea upya kanzidata yenyewe kila ilipoona maandishi ni mapya zaidi, lakini chaguo hilo liliondolewa baadaye, kwa kuwa ujenzi uliokatizwa katikati ungeweza kuiacha kanzidata ikiwa nusunusu, na mtu mwenye nia mbaya angeweza kulitumia kuizuia huduma. Kujiendesha kwa mashine si kosa. Kosa ni kuijenga kanzidata juu ya ile inayosomwa wakati huohuo.

Maabara za kompyuta za shule zinazotumia Linux hukutana na jambo lilelile katika dconf, mfumo unaohifadhi mipangilio ya dawati la GNOME. Mwalimu anayetaka kompyuta zote zijifunge baada ya dakika kumi, na wanafunzi wasiweze kulibadilisha hilo, huandika maandishi mafupi katika folda maalumu, kisha hutoa amri ya kuijenga kanzidata, nayo ndiyo ambayo dawati huisoma. Bila amri hiyo maandishi yake ni mapambo. Ndiyo maana baadhi ya miongozo ya ukaguzi wa usalama humtaka mkaguzi alinganishe tarehe ya kanzidata na tarehe za mafaili ya maandishi, na kumhesabia kosa msimamizi ambaye kanzidata yake ni kongwe kuliko maandishi.

Kipimo hicho cha tarehe kinafaa, na kina ukoo mrefu, kwani programu ya make iliyoandikwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell mwaka 1976 ilisimama juu yake: kilichojengwa kikiwa kikongwe kuliko chanzo chake, kijengwe upya. Lakini katika mazingira ya Ufipa kipimo hicho kinahitaji tahadhari. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikipata umeme kutoka Zambia kupitia Mbala pamoja na jenereta za dizeli, na kukatika kwa umeme ni jambo ambalo kila ofisi imelizoea. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa, ikizimika na kuwaka tena kabla intaneti haijarudi, huamka ikiamini kwamba ni mwaka ilipotengenezwa, na faili litakaloandikwa wakati huo litaonekana kongwe kuliko kanzidata ya juzi. Faili lililoandaliwa Dar es Salaam mwezi uliopita na kunakiliwa leo pamoja na tarehe yake ya asili litaonekana vilevile. Flashi nazo zina siri yao, kwa sababu mpangilio wa FAT, ambao flashi nyingi bado huutumia, huandika saa ya mahali bila kutaja ni mahali gani: faili lililohifadhiwa Mbala saa nne na nusu asubuhi, wakati Sumbawanga ni saa tano na nusu, likifunguliwa Sumbawanga husomeka la saa nne na nusu ya Tanzania, na kanzidata iliyojengwa Sumbawanga saa tano kamili itadai kuwa mpya kuliko faili hilo ambalo kwa hakika limeandikwa nusu saa baadaye. Kwa hiyo mpakani ni busara zaidi kulinganisha yaliyomo kuliko tarehe, au kujenga upya kila mara bila kuuliza, kwa kuwa kujenga kanzidata ndogo kama hizi huchukua sekunde chache.

Kukatika kwa umeme kunadai jambo jingine pia, nalo ni namna ya kuweka kanzidata mpya mahali pa ile ya zamani. Njia salama ni kuijenga pembeni kwa jina la muda, kuhakikisha imekamilika na imeandikwa kwenye diski, kisha kulibadilisha jina lake liwe lile linalosomwa, tendo ambalo katika Linux na jamaa zake hufanyika lote kwa mara moja ndani ya diski moja, kiasi kwamba programu inayosoma huikuta ya zamani nzima au mpya nzima na kamwe haikuti kipande. Umeme ukikatika katikati, kinachopotea ni kazi ya sekunde chache, na huduma inabaki na kanzidata yake ya jana, ambayo ni kongwe lakini ni nzima.

Baada ya yote hayo, uthibitisho wa kweli ni kuiuliza kanzidata yenyewe. Kulisoma tena faili la maandishi ni kujiuliza mwenyewe na kujijibu. Kwa kanda za saa ipo amri iitwayo zdump, ambayo hulifungua faili la alama na kueleza kwa maandishi saa inayotoka humo na tarehe zote za mabadiliko. Kwa majina ya barua pepe katika Postfix, programu nyingine ya seva za barua pepe, amri ileile inayojenga kanzidata inaweza pia kuiuliza jina moja na kurudisha jibu. Kwa watumiaji wa mfumo ipo getent, ambayo huonyesha mtumiaji kama programu zinavyomwona. Maswali haya huchukua muda mfupi kuliko kuandika barua ya kueleza kwa nini risiti zimepishana.

Wanaosimamia kompyuta katika halmashauri za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, katika hospitali, shule, vyama vya ushirika na vituo vya mpakani, wanaombwa waanze na saa, kwa sababu ndiyo rahisi kupimwa na ndiyo inayoonekana na kila mwananchi. Kila seva na iulizwe inaijuaje Dar es Salaam na inaijuaje Lusaka, kupitia mfumo endeshi, kupitia Java kama ipo, na kupitia MySQL kama ipo, na majibu yaandikwe katika daftari la mashine hiyo pamoja na tarehe na jina la aliyeuliza. Pale majibu yatakapopishana, kanzidata ijengwe upya siku hiyohiyo, programu ziwashwe upya, na swali lirudiwe kabla ofisi haijafungwa.